Niliharisha miezi mitano, kumbe ni dawa ya presha

Nilikuwa nimetumia olmesartani karibu miaka miwili. Kidonge kimoja kila asubuhi, presha imetulia, sina hata kizunguzungu. Ndiyo maana tumbo lilipoanza kuharibika sikuishuku dawa hata kidogo. Nilidhani ni maji, kisha minyoo, kisha amiba, na vyote hivyo nikavimezea dawa.

Huku hakukuwa kuharisha kwa siku mbili tatu. Nilikwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, na usiku tumbo liliniamsha kwa kunguruma. Choo maji matupu. Kila nilipofika mahali nilitazama kwanza choo kiko wapi, ndipo nikae. Nilipungua kilo 11. Mkanda wa suruali niliutoboa matundu mawili mapya kwa msumari, na bado ulilegea. Ikafika mahali nikawa naogopa kula.

Vipimo vya choo havikuonyesha kitu. Nikapitishwa kamera tumboni, wakanyofoa vinyama vidogo kutoka utumbo mwembamba. Majibu yalirudi kwamba vile vinyweleo vya kufyonza chakula vimelika. Nikaambiwa huenda ni seliaki, yaani mwili unaikataa gluteni iliyomo kwenye ngano. Kipimo cha damu cha ugonjwa huo hakikuona kitu, lakini ngano niliacha, wiki sita nzima. Hali ikabaki ileile.

Aliyefungua fundo ni mfamasia. Nilikwenda kununua chumvi za kurudisha maji mwilini, akaniuliza, "Kila siku unameza dawa gani nyingine?" Nilipotaja olmesartani alinyamaza kidogo. "Ndugu yangu, nenda kamwambie daktari wako jina hilo, leo hii. Ila usiiache mwenyewe."

Daktari alinieleza vizuri. Mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 22 wenye hali kama yangu, wote wakitumia dawa hii, nao walipata nafuu walipoiacha. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya huko ikataka onyo liongezwe kwenye maelezo ya dawa. Hutokea kwa watu wachache, lakini inaweza kuanza miezi mingi, hata miaka, baada ya kidonge cha kwanza. Hapo ndipo nilipopotea mimi: dawa niliyoizoea muda wote huo ningeishuku vipi?

Siku hiyohiyo nilibadilishiwa nikaanza amlodipini. Nikaagizwa kupima presha asubuhi na jioni na kuandika daftarini, pamoja na kupimwa figo, kwa sababu kuharisha kwa muda mrefu hukausha mwili na figo huumia. Siku ya tano nililala mpaka asubuhi bila kuamka. Nililia, sioni aibu kusema. Wiki ya pili choo kikaanza kushikana. Kilo zilirudi polepole, saba kwa miezi mitatu. Amlodipini nayo ilinivimbisha kidogo vifundo vya miguu, dozi ikapunguzwa, uvimbe ukaisha.

Sasa kwenye pochi nina karatasi yenye jina la kila dawa ninayotumia na tarehe niliyoianza. Naiweka mezani kwa daktari kabla sijaeleza ninaumwa nini. Chini kabisa nimeandika kwa wino mwekundu: olmesartani, nisipewe tena.