Hati za Riyadha ziko wazi, tuzisomeni

Kuna watu bado wanaamini ukitaka kusoma sanaa ya Kiislamu au Kiarabu kwa kina lazima uwe na kadi ya chuo kikubwa au ulipie kila makala kwa dola. Mambo yamebadilika jamani, vitu vingi sana viko bure siku hizi, na mi nataka nianzie nyumbani kabisa, Lamu.

Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule alioanzisha Habib Saleh, una hazina ya hati za mkono, na zaidi ya 100 zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kupitia mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini kupotea, namba ya mradi ni EAP466, andika hiyo kwenye gugo. Nilichokipenda ni kwamba vitabu vyenyewe havikuhamishwa, utaratibu wao ni kwamba asili inabaki kwa wenyewe na nakala za picha zinaachwa hukohuko pia. Humo kuna fiqhi ya Kishafii, nahau, nyiradi, maulidi, yaani vitabu vya darsa vilevile ambavyo masheikh wetu wamevisomesha miaka na miaka. Afu ukivuta picha karibu ndo utaona utamu wake, matini imekaa katikati, pembeni kuna maelezo ya mtu aliyekuwa anasoma, yamepanda mshazari hadi kwenye kona, na mara nyingine unakuta maandishi ya wakfu, kwamba kitabu hiki kimewekwa kwa ajili ya wanafunzi. Kwangu mimi hayo maandishi ya pembeni yana thamani kuliko hata matini, kwa sababu matini unaweza kuipata Cairo, lakini nani alikisoma Lamu utamjua hapo tu.

SOAS, chuo kikuu kule London, nao wana hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na mashairi, zikiwemo zilizokusanywa na wazungu wawili, Taylor na Hichens. Majina ya hao wazungu ndo yanatangulia kila mahali, wakati Taylor asingefika popote kwenye mashairi ya Muyaka, yule malenga wa Mombasa, bila Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyemfafanulia. Hilo linaniuma, na nadhani tukiandika sisi tulitaje jina lake kwanza.

Kwa Kiarabu chenyewe, Library of Arabic Literature, mradi wa kuchapisha vitabu vya Kiarabu wa chuo cha NYU Abu Dhabi, wanatoa PDF za matini ya Kiarabu bure, tafsiri ya Kiingereza ndo unanunua. Mtafute Abu Zayd al-Sirafi, karne ya 10, kwenye habari zake za China na India ametia na nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Majengo nenda Archnet, tovuti ya usanifu wa majengo ya Kiislamu. Picha za vyombo, mazulia na kurasa za misahafu nenda Met, jumba la makumbusho la New York, tangu 2017 picha za kazi zisizo na hakimiliki wameziachia kabisa, unachapa, unafundishia, unatia kwenye kitabu chako, huombi ruhusa ya mtu.

Shida kubwa ni kutafuta. Katalogi karibu zote ni za Kiingereza na tahajia za majina zinayumba, Riyadha mara Riyadh mara Riyada, utenzi mara utendi, kwa hiyo ukikosa usikate tamaa, badilisha herufi ujaribu tena, na kama unajua kuandika Kiarabu kwenye simu jaribu na hicho.

Na ukiipata usiiache hukohuko. Oktoba 2023 British Library ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, huduma zake zikalala miezi, na watu waliokuwa katikati ya utafiti wakabaki wanaangalia skrini tupu. Mi siku hizi kila ukurasa ninaoutumia nausevu pamoja na namba ya hati na namba ya ukurasa, kwenye simu na kwenye flashi, hata kama bando linauma.