Nilivyoifukuzia Tarbolton ya Coleman mpaka nikaipata

Anayekwambia "andika jina tu, utaipata" hajawahi kutafuta rili ya Kiayalandi, yaani ule muziki wao wa kasi wa kuchezea dansi. Mimi mtu wa Unguja, mpiga fidla wa taarabu, siku hizi naishi Dublin, na nilitaka kuipiga rili iitwayo Tarbolton kama Michael Coleman, yule fundi wa fidla wa Sligo, magharibi ya Ayalandi, aliyehamia Marekani mwaka 1914. Ndugu yangu mmoja aliyeko Cork akanihakikishia kazi yenyewe ni ya dakika tano.

Haya, nikaandika jina. Kumbe Tarbolton ni kijiji cha Ayrshire, Uskoti, ambako mwaka 1780 mshairi Robert Burns na wenzake walianzisha klabu ya makapera. Jioni nzima nikajikuta nasoma katiba ya makapera: mwanachama sharti awe anampenda mwanamke, mmoja au zaidi! Hilo "au zaidi" lilinichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku wa manane nimeshakuwa bingwa wa Burns, na noti hata moja sina.

Dawa yake nikaja kuipata kwa mzee mmoja wa baa ninayopigia. Rili za huku hupigwa kwa mafungu, kwa hiyo usiitafute peke yake, itafute na wenzake. Coleman aliirekodi New York mwaka 1934 kwa kampuni ya santuri ya Decca, akaiunganisha na The Longford Collector na The Sailor's Bonnet, zote tatu upande mmoja wa sahani ya santuri, dakika tatu hivi basi. Yaandike majina matatu pamoja uone Burns anavyotimka. Mpaka leo ukianza Tarbolton kwenye baraza za wapigaji wa Kiayalandi, watu wanakufuata kwa mpangilio huohuo wa Coleman.

Kuna pia hazina ya muziki wa asili pale Merrion Square namba 73, hapa Dublin. Kuingia bure, unakaa unasikiliza, hakuna anayekuharakisha. Zile CD mbili za Coleman alizozitayarisha Harry Bradshaw mwaka 1992 nilizipata za mtumba kwa euro ishirini na kitu, na kijitabu chake ndani. Kijitabu peke yake kinalipa hiyo hela.

Noti sasa. Nilikusanya nakala kadhaa na kila moja inasema lake. Moja imenyooka kama rula, haina hata pambo. Nyingine imejaa madoido ambayo Coleman hakuyapiga. Halafu noti zinasema E, nakala ya mtandaoni inalia katikati ya E na F. Santuri hizi zilitakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika, na aliyeihamishia mtandaoni akiizungusha haraka zaidi kwa asilimia 6 tu, muziki mzima umepanda nusu toni. Ndugu yangu wa Cork akasema nitumie programu niishushe. Sikumsikiliza. Nilivaa spika sikio moja, nikavizia pale Coleman anapogusa waya mtupu, usiokandamizwa na kidole, maana waya mtupu una mlio wake, mkali, hautikisiki, kidole hakiwezi kuuiga. Nikakaza fidla yangu polepole mpaka waya wangu ukayeyuka ndani ya wake. Ohoo! Kuanzia hapo kila kidole kikajua kwao. Nilisikia wazi wapi anatumia kidole cha nne na wapi anauacha waya ulie wenyewe, jambo ambalo hakuna noti iliyonionyesha.

Weka waya wa E wa akiba. Wangu ulikatika ukanichapa shavuni.

Kisha niliipunguza kasi kwa nusu, nikaandika mzunguko wa kwanza na wa pili mbalimbali, kwa sababu Coleman harudii kitu vilevile. Ukiandika mmoja ukaweka alama ya kurudia, umemkata mkono.

Yule wa Cork sasa ananiomba noti zangu. Nimemtumia, ila alama za kusukuma na kuvuta upinde nimezifuta. Dakika tano zinamtosha.