Diski zinapoharibika wakati wa kuchomwa: tuilaumu draivu au diski tupu?

Hapa Lubumbashi diski bado zina kazi. Kwaya husambaza nyimbo zao kwa CD, na familia iliyofanya harusi Kamalondo au Katuba hutaka DVD ya kuweka kabatini, hata kama picha zote zilikwisha kuzunguka kwenye simu. Kwa wenzangu wanaofanya kazi hii nasikia malalamiko yale yale: programu ya kuchoma, yaani kuandika data kwenye diski kwa leza, ilifika katikati, ikasimama, ikatoa ujumbe wa kosa, na diski haifai tena. Mmoja husema draivu, yaani kifaa cha kompyuta kinachoandika diski, imezeeka, mwingine husema diski za siku hizi ni mbovu, na kila mmoja hutoa fedha mfukoni kwa kufuata dhana yake. Mimi nashikilia kwamba jambo hili linapimika, na kipimo chake hakihitaji chombo cha bei kubwa. Kinahitaji mtu abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na vingine vyote aviache kama vilivyokuwa.

Ujumbe wa kosa peke yake hautoshi kutoa hukumu. Chukua ule unaosema kwamba draivu imeshindwa kurekebisha nguvu ya leza. Kabla ya kuandika data, draivu hujaribu nguvu mbalimbali za leza katika sehemu ndogo iliyotengwa karibu na kitovu cha diski, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi, kisha huchagua nguvu inayoacha alama zinazosomeka vizuri. Jaribio hilo likishindwa, huenda leza imechoka na haifikii nguvu inayotakiwa; lakini vilevile huenda rangi ya kikemikali iliyopakwa ndani ya diski ni hafifu kiasi kwamba hakuna nguvu yoyote inayoifaa. Sababu zote mbili huleta maneno yale yale kwenye skrini.

Kipimo ninachokiamini ni cha kubadilishana. Tafuta diski za aina nyingine, zilizotengenezwa na kiwanda kingine, uzichome kwenye draivu ile ile, kwa programu ile ile, kwa kasi ile ile na kwa faili zile zile. Kisha chukua diski tupu zilizobaki katika kopo lile lililoshindwa (chombo cha plastiki zinamouzwa diski), zipeleke kwenye draivu ya mwenzako, nako uzichome kwa masharti yale yale. Ikiwa diski ngeni zinakubali kwako, na zako zinashindwa hata kwa jirani, tatizo ni diski. Ikiwa draivu yako inaharibu kila aina unayoipa, ilhali diski hizo hizo zinachomeka vizuri kwingine, draivu ndiyo yenye ugonjwa. Diski moja haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hata kopo zuri huwa na diski mbovu. Zichome kadhaa kabla ya kusema neno.

Kuna matokeo ya tatu yanayowachanganya wengi, nayo ni pale ambapo diski zako zinakubali kwa jirani na draivu yako inakubali diski za jirani, lakini hivyo viwili vikikutana havipatani. Hapo hakuna kilichoharibika. Kila diski tupu huwa na msimbo ulioandikwa kiwandani unaomtaja mtengenezaji, na draivu huusoma ili ijue leza iwashwe kwa namna gani. Draivu ya zamani isiyoufahamu msimbo huo hutumia kanuni ya jumla, na matokeo yake huwa ya kubahatisha. Mtengenezaji wa draivu akiwa ametoa toleo jipya la programu inayoiendesha kutoka ndani, kulisakinisha kunaweza kuondoa tatizo bila kununua chochote.

Msimbo huo unafaa kusomwa na mtu pia. Katika Windows programu ya ImgBurn huuonyesha mara tu unapoingiza diski, na katika Linux amri ya dvd+rw-mediainfo hufanya kazi hiyo kwa DVD. Utaona maneno kama CMC MAG au MCC, yakifuatwa na tarakimu. Jina lililochapishwa juu ya kopo si lazima liwe la kiwanda, kwa kuwa wauzaji wengi hununua diski kutoka viwanda mbalimbali na kuzibandika nembo yao. Ndiyo maana makopo mawili yanayofanana kabisa, yaliyonunuliwa kwenye duka moja, yanaweza kuwa na diski za asili tofauti, na mtu akaapa kwamba draivu yake imeharibika ghafla kumbe kilichobadilika ni kiwanda. Wapo pia wanaoghushi misimbo, kwa hiyo msimbo wenye sifa njema ni dalili tu, hauwi uthibitisho.

Macho nayo yana kazi yake. Shika DVD tupu karibu na dirisha, uigeuze polepole mpaka mwanga uteleze juu ya upande wa chini. Rangi yake ya zambarau inapaswa kuwa sawa kutoka kitovuni hadi ukingoni. Katika diski duni nimeona mawingu, vitone vidogo, na hasa ukingo uliopauka kana kwamba rangi iliisha kabla ya kufika mwisho. Diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo ukingo huo ndio unaopokea gigabaiti za mwisho, na ndiyo maana diski ya aina hiyo hupokea faili chache bila shida lakini hukwama inapojazwa karibu na GB 4.7. Diski za kopo moja zikikwama zote karibu na ukingo, nazishuku hizo kwanza. Zikikwama mahali tofauti tofauti bila mpangilio, na za kopo jingine zikifanya vivyo hivyo, naigeukia draivu au umeme unaoilisha.

Kwa CD usisahau upande wa juu. Tabaka la data la CD liko chini kidogo tu ya lebo, likilindwa na vanishi nyembamba, kwa hiyo mkwaruzo wa juu huumiza zaidi kuliko wa chini. Tabaka la data la DVD limebandikwa katikati ya plastiki mbili, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.6, na kwa hiyo huvumilia zaidi.

Sasa draivu. Watu wengi huitetea kwa kusema kwamba inasoma filamu za dukani bila shida. Utetezi huo hauna uzito, kwa sababu kusoma kunahitaji leza ya takriban miliwati 1, ilhali kuandika kunadai makumi ya miliwati. Leza iliyochoka itaendelea kusoma muda mrefu baada ya kushindwa kuandika. Jambo jingine ni kwamba CD huandikwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa ile ya takriban nanomita 650, na moja inaweza kudhoofika nyingine ikabaki nzima. Kwa hiyo kuchoma CD vizuri hakuisafishi draivu inayoshindwa na DVD.

Katika kiangazi chetu, kati ya Mei na Septemba, vumbi jekundu huingia kila mahali, nalo hukaa kwenye lenzi. Kabla ya kuihukumu draivu, isafishe lenzi kwa pamba laini iliyoloweshwa kidogo sana kwa alkoholi safi, bila kuikandamiza, kwa kuwa lenzi hiyo imeshikiliwa na nyaya nyembamba mno. Diski nazo zisiachwe wazi mezani, kwa sababu chembe iliyotua juu ya diski tupu huziba mwale wakati wa kuandika, na ukiifuta baadaye doa la data iliyokosekana hubaki.

Umeme pia ni mshitakiwa. Draivu nyembamba za nje hutegemea USB, na mlango wa USB 2.0 umewekewa kikomo cha miliampea 500, ambacho kinaweza kuzidiwa diski inapozungushwa kwa kasi na leza kupanda nguvu. Tumia kebo fupi iliyo nzima, au ile yenye vichwa viwili, kisha urudie jaribio. Kosa likitoweka, usinunue kitu.

Kuhusu kasi, ushauri wa kuchoma polepole iwezekanavyo hauna msingi kwa diski za sasa. DVD ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD, imetengenezwa kwa kasi kubwa, na mimi huichoma kwa 8x, ambapo diski iliyojaa huchukua kama dakika 8. Ukipunguza kutoka 16x hadi 8x na makosa ya ukingoni yakaisha, umejua kwamba diski hizo haziwezi kasi iliyoandikwa kwenye kopo, na unaweza kuzimaliza kwa kasi hiyo ndogo.

Mwisho ni pale uandishi unapokamilika na uhakiki, yaani kuisoma tena diski na kuilinganisha na faili za asili, ukashindwa. Isome diski hiyo kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuitupa. Ikisomeka yote huko, draivu yako inaandika vizuri ila inasoma vibaya, na inaweza kuendelea na kazi ukiwa na nyingine ya kuhakikia. Isiposomeka popote, rudi kwenye jaribio la kubadilishana. Mimi huweka pembeni diski chache za kopo ambalo limeshanithibitishia uzuri wake, na sizitumii kwa kazi ya mteja. Kopo jipya likianza kusumbua, hizo ndizo ninazoipa draivu kwanza.