Alamu ya IST inayolia alfajiri: kumbukumbu ya mradi, Tanga

Gari ni Toyota IST, na alamu si ya kiwandani. Boksi lake limefichwa chini ya dashibodi, king'ora kiko ndani ya boneti, kuna sensa ya mtikisiko ya hatua 2 (onyo kwanza, kisha king'ora) na swichi ya boneti iliyoongezwa na fundi. Milango inasomwa kupitia waya wa taa ya ndani. Usiku gari hulala Raskazone, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Alamu inalia bila mtu kugusa, zaidi alfajiri, na mara nyingine sekunde chache tu baada ya kufunga kwa rimoti.

Mafundi wengi wakiletewa tatizo hili hukimbilia kupunguza sensa. Sensa ikishushwa mpaka mwisho, mwizi anaweza kuvunja kioo na alamu ikanyamaza, na chanzo chenyewe bado kipo. Pwani yetu hii, anza kushuku swichi na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari). Sensa iwe ya mwisho.

Saa ya kulia

Kabla ya kushika bisibisi, andika alamu inalia saa ngapi. Ikilia malori ya bandarini yanapopita, au bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, hapo sensa inahusika. Ikilia alfajiri umande ukiwa umetanda kwenye boneti, kuna swichi inayovujisha umeme. Ikilia mara tu baada ya milango kujifunga, kagua ethi ya boksi. IST hii ina dalili mbili za mwisho kwa pamoja, kwa hiyo kuna makosa mawili, na ukitibu moja utadhani hujafanya kitu.

Alamu nyingi pia husema zenyewe: ukizima baada ya kulia, taa ndogo ya dashibodi huwaka na kuzimika kwa idadi fulani kuonyesha ni mlango, boneti au sensa. Idadi hiyo hutofautiana kwa kila aina, hivyo kitabu chake kisitupwe. Kama hakipo, chomoa plagi ya sensa kwenye boksi na uache gari lilale hivyo. IST ililia bila sensa. Sensa ikaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Swichi ya boneti

Hapa ndipo palipokuwa na kazi. Swichi hii ni pini yenye springi. Boneti ikifunguka, pini inapanda na waya unagusana na bodi, yaani hasi. Boneti ikifungwa, waya unatakiwa uwe umekatika kabisa. Mita ikiwekwa kwenye volti, kati ya waya huo na hasi ya betri, asubuhi kavu ilisoma 11.9. Swichi ilipopuliziwa maji yenye chumvi kidogo (kikombe 1 cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi), usomaji ulishuka hadi 4.8 na kuendelea kuyumba. Boksi linaona volti imeshuka, linahesabu boneti imefunguliwa. Ukimaliza jaribio hili suuza kwa maji yasiyo na chumvi na ukaushe, chumvi isibaki.

Kwa nini boneti ilalamike na milango isilalamike, wakati umande ni mmoja? Volti ya waya wa mlango inashikiliwa juu na balbu ya taa ya ndani. Balbu ya wati 5 ina ukinzani mdogo mno, hivyo uvujaji wa kiloomu 10 (yaani njia ya unyevu yenye ukinzani wa omu 10,000) hausogezi chochote. Volti ya waya wa boneti inashikiliwa na rezista ndogo (kipande cha kuzuia umeme) iliyo ndani ya boksi tu. Ikiwa nayo ni ya kiloomu 10, uvujaji uleule unaigawa volti nusu kwa nusu.

Hili linawahusu sana wanaobadilisha balbu ya ndani na kuweka taa ya LED. Nyingi zina LED 3 zilizofuatana, na hizo hula karibu volti 8 hata umeme ukiwa kidogo. Swichi ya mlango ikivuja kidogo tu, waya wake unabaki na volti 4 hivi, na alamu iliyokuwa imetulia inaanza kusumbua. Watu hulaumu alamu. Rudisha balbu ya zamani ujaribu, kisha ubadilishe swichi ya mlango.

Swichi ya boneti imetolewa. Mahali pake pamekwanguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, swichi mpya yenye kofia ya mpira imefungwa, na grisi ya silikoni imepakwa juu ya kiungo baada ya kukaza. Waya umelehemiwa na kuvikwa mpira unaonywea kwa moto. Tepu peke yake hulegea kwa joto la injini na kuingiza unyevu. Baada ya hapo volti 12.4, ikimwagiwa maji au isipomwagiwa.

Kama boksi lako lina waya mmoja tu wa milango na boneti, unganisha kila upande kwa diodi ya 1N4007 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wa diodi ukielekea kwenye swichi. Bila diodi, ukifungua boneti taa ya ndani nayo inawaka.

Ethi ya boksi

Waya mweusi wa boksi ulifungwa kwenye skrubu inayoshika plastiki ya dashibodi. Mota za milango hupitisha umeme wake kwenye waya huohuo, kwa hiyo pima wakati milango inajifunga: kutoka waya mweusi hadi hasi ya betri ilisoma volti 0.9. Inayokubalika ni chini ya 0.1. Waya umehamishiwa kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi, kwa kichwa cha duara kilichobanwa vizuri. Sasa ni 0.04, na kile kilio cha baada ya kufunga kimekoma. Betri yenyewe ilikuwa na 12.5 gari likiwa limepumzika. Ingekuwa chini ya 12.0 ingechajiwa kwanza, maana vipimo vya betri dhaifu havifai kuaminiwa.

Sensa, mwishoni

Ilikuwa imening'inia kwenye mkusanyiko wa nyaya, gundi ya tepu imeyeyuka. Imefungwa kwa kamba za plastiki 2 kwenye chuma cha kushikilia usukani. Kirekebishi kilirudishwa hadi chini, kisha kikapandishwa robo kwa robo. Kila baada ya kupandisha, funga kwa rimoti, subiri dakika 1, piga nguzo ya kioo cha mbele kwa kiganja. Kiganja kilegevu kitoe onyo, pigo kali lilize king'ora. Ikilia mara kadhaa mfululizo, zima na ufunge upya, kwani baadhi ya alamu huipuuza sensa baada ya hapo na utapima kitu kisichosikia.

Kilichobaki ni swichi ya mlango wa nyuma. Ikimwagiwa maji inasoma 11.6, haijafika pabaya, lakini mpira wake umepasuka na itabadilishwa kabla ya masika.