Shahada iliyokataliwa kwenye kibali cha kufundisha ughaibuni: jinsi nilivyotatua

Ombi la kibali lilirudishwa kwa sababu nakala ya shahada ilikuwa na mhuri wa wakili tu. Wakili huthibitisha kwamba nakala inafanana na hati halisi, lakini serikali ya kigeni haina namna ya kuijua sahihi yake. Pengo hilo huzibwa na apostili, cheti cha Mkataba wa Hague wa 1961 chenye vipengele 10 vilivyopewa namba.

Apostili hutolewa na nchi iliyotoa hati, si ile unakofundisha. Kwa hiyo shahada ya nchi moja na cheti cha polisi cha nchi nyingine vilifuata njia mbili tofauti. Nchi zote zinazohusika lazima ziwe kwenye mkataba. China Bara ilianza kuutumia tarehe 7 Novemba 2023 tu. Zisipokuwemo, hati hupitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi.

Utaratibu uliofaa: wakili, apostili, halafu tafsiri. Ukitangulia kutafsiri, apostili yenyewe hubaki bila tafsiri, na mtafsiri atakutoza tena. Pini inayoshika kurasa usiichomoe hata kwa ajili ya kuskani. Matundu yakionekana, hati hudhaniwa imechezewa. Shahada iliyopigwa laminesheni nayo ni usumbufu, kwani mhuri haushiki juu ya plastiki.

Cheti cha polisi niliomba mwisho, maana mara nyingi hutakiwa kisizidi miezi 6 tangu kutolewa.