Siku moja katika maabara ya damu, Kampala

Saa moja na nusu asubuhi naipima mashine ya kuhesabu chembe za damu kwa damu maalumu ya kuhakiki usahihi, kwa sababu mgonjwa aliyetoka kwenye dawa kali za leukemia, yaani saratani ya damu, ana chembe chache mno, na kosa dogo laweza kumpa daktari matumaini yasiyokuwapo.

Saa tatu vinashuka kutoka wodini vichupa vya kifuniko cha zambarau, kimojawapo cha kijana kutoka Arua aliye katika wiki ya nne ya matibabu ya kwanza ya leukemia kali ya limfu. Chembe zake nyeupe, ambazo juzi zilikuwa 500 katika mikrolita moja, leo ni 900.

Saa nne nakaa kwenye darubini na kioo chenye damu yake nilichokipaka rangi ya Leishman, inayotofautisha aina za chembe, na hapa sipendi kuharakishwa. Katika chembe nyeupe 100, nyutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria, ni 20, yaani 180 katika mikrolita, bado chini ya 500, kiwango ambacho chini yake maambukizi huwa hatari kubwa. Lakini monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ni 35, nazo kwa kawaida hutangulia nyutrofili uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unapoanza kuzalisha upya. Nazikagua monosaiti moja moja: kiini kimejikunja, na sehemu inayokizunguka ni pana, ya kijivu. Chembe changa za leukemia ya aina aliyo nayo kijana huyu huwa na kiini cha mviringo kinachojaza karibu chembe nzima, nami sijaiona hata moja. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni chache, ila kadhaa ni kubwa, kama zilivyo zile zilizotoka karibuni kwenye uboho.

Saa sita nahesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zinazotoka kwenye uboho, ambazo zimeongezeka. Hemoglobini yake, kile kibeba oksijeni kilicho ndani ya chembe nyekundu, siitegemei, kwa kuwa aliongezewa damu wiki hii, na chembe nyekundu za mtu mwingine hazisemi lolote kuhusu uboho wake.

Saa nane mama yake ananisubiri mlangoni. "Mwanangu, damu ya mtoto imepanda?" Namwambia kwa heshima kwamba daktari atamweleza leo hii, kisha nampigia daktari simu papo hapo.

Saa kumi naandika ripoti: dalili za uboho kurejea zipo, tahadhari dhidi ya maambukizi ziendelee. Kama leukemia imeondoka au la, hilo litajulikana kwa kupima uboho wenyewe. Naomba sampuli nyingine kesho kutwa.