Doa Nililolipaka Rangi

Nilisikia mvua. Nakumbuka hata nilivyofurahi: nikajigeuza upande wa pili, nikavuta shuka, nikasema kimoyomoyo, asante Mungu, vuli imefika. Ilikuwa Novemba 2022, mto Ruvu umepungua, Dar es Salaam nzima iko kwenye mgao wa maji, na sisi wa Kimara tunalala na ndoo tupu mlangoni kama watu wanaosubiri basi la alfajiri. Basi nikajua mvua imetukumbuka.

Kishindo cha sebuleni ndicho kilichonitoa usingizini sawasawa, kama mtu ameangusha gunia la mchanga mbichi. Nikashusha mguu kitandani, ukaingia kwenye maji.

Lililoanguka lilikuwa dari. Jipsamu ikilowa inakuwa kama ugali uliopoa: inashika umbo lake vizuri tu, mpaka kitu kiiguse. Vipande vilikuwa vimelala juu ya kochi, na zile taa ndogo za darini zilikuwa zinaning'inia kwenye nyaya zake, mbili bado zinawaka, maji yanachuruzika kwa kuufuata waya mpaka kwenye balbu na kudondoka. Nilipoyaona yale maji yanang'aa pale kwenye taa ndipo akili ikanirudi. Nikawapigia watoto kelele wasikanyage chini, nikapitia mlango wa jikoni mpaka barazani kwenye swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Halafu gizani, nimesimama na kanga yangu imelowa mpaka magotini, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia aibu:

"Dada! Nani ameacha koki wazi?"

Mwenye kuishi Dar wakati wa mgao ataelewa nilikopata swali hilo. Maji yanakuja usiku, hujui saa ngapi, kwa hiyo unaacha koki ya uani wazi na debe tupu chini yake, maji yakianza kutoka debe linakuamsha. Kazi hiyo tulimpa dada wa kazi, msichana wa miaka 19 kutoka Singida, na mimi ndiye niliyemfundisha. Usiku ule alitoka chumbani kwake na tochi ya simu, hakujibu kitu, akaenda uani. Koki ilikuwa imefungwa. Debe alikuwa amelifunika.

Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi. Nikamgongea mzee jirani, akaja na msuli wake na spana. Koki ya kwenye mita, ile ya kufunga maji ya nyumba nzima, ilikuwa chini ya vigae vilivyobaki wakati wa ujenzi, na ilikuwa imekamata kutu. Tulihamia nyumba ile mwaka 2016. "Mama," mzee akaniambia huku anaikaza spana, "hii koki haijaguswa tangu izaliwe." Ilichukua karibu nusu saa. Katika nusu saa ile maji yalimaliza sebule, yakaingia chumba cha watoto, yakapanda kwenye makabati ya ukutani, yale ya mbao za kubandikwa ambazo zikinywa maji zinavimba kama mandazi na hazirudi tena.

Kulipokucha fundi bomba akapanda juu. Tangi letu la lita 2,000 lilikaa juu ya slabu ya choo cha ndani, maana wakati wa kujenga tuliona mnara wa chuma ni gharama ya bure. Tani mbili za maji vichwani mwetu. Fundi akashuka na vitu viwili mkononi. Kimoja kilikuwa boya na koki yake: kwenye tundu la kupitishia maji kulikuwa na kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Bomba likikaa siku nyingi bila maji, akasema, maji yakirudi yanakuja na mchanga na kutu yote iliyolala humo. Na usiku, watu wengi wamelala, msukumo unakuwa mkubwa. Boya likanyanyuka kama kawaida, lakini koki haikufunga. Hilo peke yake lisingetuua, maana tangi lina bomba la kutolea maji yanayozidi. Kitu cha pili ndicho kilichokuwa kwenye lile bomba: kiota cha nyigu, cha udongo, kigumu kama chungu. Maji yakakosa njia, yakatokea kwenye mfuniko, yakajaa juu ya slabu yenye kingo, yakashuka darini pale mabomba yanapoingilia, penye tundu la ukubwa wa kikombe ambalo mjenzi hakuliziba.

Nikawa nakitazama kile kiota. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na fagio. Wiki mbili kabla, nikiwa nachambua mchicha, alikuwa ameniambia: "Mama, lile tangi likijaa siku hizi halimwagi maji pale kwenye bomba, linamwagia juu kwa juu." Nikamjibu nitamwambia baba. Sikumwambia baba.

Nyumba tulikuwa tumeikatia bima, au tuseme benki ndiyo iliyoikatia. Ukichukua mkopo wa nyumba, bima inakuja nayo, ada inakatwa, na wewe unasaini. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza, na nilizifungua kwa mara ya kwanza asubuhi ile nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wakala nilimpata kwa simu saa tatu. Huyo namshukuru mpaka leo. "Pole sana, mama. Piga picha kwanza ndiyo mfagie maji. Usitupe kitu hata kama kimeoza. Dari msilitengeneze mpaka mtu wetu aje, ila chochote kinachozuia maji yasiingie tena kitengeneze leo leo, na risiti uniwekee." Boya jipya lilikuwa shilingi 18,000. Risiti nikaibana kwenye kalenda.

Fundi naye alikuwa na ushauri wake. "Mama, wewe andika bomba limepasuka. Bomba likipasuka hawana maneno, wanalipa." Nikamwambia bomba halijapasuka. Akasema linaweza kupasuka. Ningependa kusema nilikataa kwa uadilifu. Ukweli ni kwamba alitaka laki moja ya kulipasua, na nilipousoma mkataba pole pole na kamusi nikakuta umeandika kupasuka au kufurika kwa matangi, mitambo na mabomba ya maji. Kufurika kumo. Uongo wa laki moja kwa kitu ambacho ukweli wake unalipwa bure.

Nikajaza fomu ya madai. Tarehe, saa, chanzo, orodha ya vilivyoharibika. Kuna swali lilikuwa linauliza kama nilikuwa na taarifa yoyote ya hitilafu kabla ya tukio. Kalamu ilisimama hapo. Nikaandika "Hapana", nikalifuata swali lililofuata haraka haraka.

Nikaambatanisha picha za uharibifu, na kwa kuwa nilitaka kuonyesha kochi lilikuwa zima, nikatafuta kwenye simu picha nzuri ya sebule. Nikaipata ya kipaimara cha binti yangu, mwezi wa sita: ndugu wamejipanga, keki mezani, kochi linaonekana lote, la rangi ya maziwa, hata plastiki ya miguuni haijatolewa.

Mkadiriaji wa hasara alikuja siku ya tisa. Nilitarajia mtu wa suti. Akaja mzee mpole, shati la mikono mifupi, ngazi yake mwenyewe kwenye gari. Alivua viatu mlangoni ingawa nyumba yenyewe ilikuwa matope. Alipima unyevu ukutani kwa kifaa chenye pini mbili, akapanda kwenye slabu, akakipiga picha kile kiota cha nyigu ambacho tulikuwa tumekihifadhi kwenye kopo la siagi. Akauliza maswali yake taratibu, kisha akamgeukia dada.

"Na wewe binti, ndiye unayeshinda hapa. Ulishaona hili tangi likiwa na tatizo?"

Dada alinitazama. Si kwa muda mrefu. "Sijui baba," akasema, "mimi mambo ya tangi siyajui."

Yaani yule niliyemwamsha usiku wa manane kwa kumsingizia, na sikuwa nimemwomba radhi, maana nilijiambia mambo ni mengi. Mkadiriaji akaandika. Mimi nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni.

Niliporudi alikuwa koridoni juu ya ngazi, pale ambapo dari lilikuwa bado limeshika. Akatoa kisu, akakata kipande cha mraba, kama unavyokata tikiti kulijaribu. Akanishushia. Upande wa chini rangi nyeupe, safi. Akaibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na doa la kahawia, kingo ndani ya kingo, duara tatu, kila moja ni mvua au tangi lililojaa. Upande wa juu karatasi ya jipsamu ilikuwa na ukungu mweusi.

"Hii si ya wiki iliyopita, mama," akasema. Hakusema kwa kunishika ugoni. Alisema kama daktari wa meno.

Doa lile nalijua. Siku ya kipaimara shangazi aliinua macho akasema mbele za watu, "Naona mna ramani ya Afrika darini." Wiki iliyofuata nikanunua kopo la rangi. Kumbe kuna kiungo cha bomba juu pale kilikuwa kinadondosha tone moja moja, na tone halina haraka. Rangi ilinigharimu kidogo kuliko kumwita fundi apande.

Halafu akafungua faili lake, akatoa ile picha yangu. Aliikuza pembeni, juu ya kichwa cha mjomba. Ramani ya Afrika ilikuwepo, hata Madagaska. Mimi nilikuwa nimetazama kochi tu.

Barua ikaja Januari. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara natafuta mahali pa kukasirika nakosa. Kochi, televisheni, magodoro: havimo, kwa sababu bima ya benki ni ya jengo, na vyombo vya ndani vinakatiwa bima yake. Boya: halimo, kitu kilichochakaa mwenyewe unakinunua. Gharama za jengo tulizodai zilikuwa 4,800,000. Dari la korido na kona ya sebule, 1,200,000, likaondolewa kwa sababu uvujaji wa pole pole hausimami kwenye mkataba. Zikabaki 3,600,000.

Na hapo ndipo pa kuumiza, kwa sababu hapakuhusiana na doa. Benki ilikuwa imeikatia nyumba bima ya milioni 60, kiasi cha mkopo wetu. Kuijenga upya, kwa hesabu ya mkadiriaji, kungehitaji milioni 90. Ukiwa umekata bima ya theluthi mbili ya nyumba, kila hasara unalipwa theluthi mbili, hata ikiwa ya mlango mmoja. Zikawa 2,400,000. Toa asilimia 10 ambayo mkataba unamwachia mwenye nyumba aibebe, zikaja 2,160,000, nazo zikapitia benki kwanza kwa sababu jina la benki ndilo lililoandikwa kama mlipwaji, zikanifikia Machi.

Kaka yangu alitaka twende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. "Wamekuibia," akasema. Hiyo theluthi kweli ilinikereketa, kwani hakuna aliyetuambia kwamba milioni 60 ilikuwa kinga ya benki na si ya kwetu. Lakini nilijiona nimekaa mbele ya Msuluhishi, wananiuliza habari za tangi, na pembeni yuko dada. Ile picha haikunilipia kochi, ikaninyang'anya dari, na hiyo nikaona inatosha. Tulikopa kwenye kikoba tukamalizia. Mwaka huo huo tukapandisha kiwango cha bima, tukaongeza na ya vyombo, na mume wangu akanunua mnara wa chuma.

Dada alirudi kwao Singida Pasaka ile, akaolewa. Siku ya kuondoka nilimpa vitenge viwili na nauli ya ziada, nikamwambia, "Usiku ule nilikukosea. Na ile siku ya mzee wa bima pia." Akacheka, akasema, "Mama nawe, yameshapita hayo." Anapiga simu mara kwa mara, hasa vuli ikianza. Anaulizia watoto, anaulizia baba, anaulizia mzee jirani. Akishamaliza wote, ananyamaza kidogo, kisha anasema:

"Na nyigu hawajarudi?"

Nami natoka nje na simu sikioni, naenda kuangalia.